Kwa Nini Unanikumbatia Upande wa Kushoto

Nekesa mwanangu,

Keti kwanza. Kama umeifungua barua hii ukiwa umesimama kwenye foleni, koti mkononi na pasipoti mdomoni kama kawaida yako, tafuta kiti. Utajua baadaye kwa nini nimeanza hivi.

Leo ni Jumamosi mchana. Wewe uko Northfield, upande wa pili wa Birmingham, unaaga marafiki zako, mama yako yuko zamu, na mimi niko hapa jikoni Erdington na kalamu ya kazini, ile ninayojazia fomu za dawa za wazee. Sanduku lako limekaa mlangoni na nimeshajikwaa juu yake mara tatu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kutembea na sweta. Mama yako amekuandikia kurasa nne za mambo hayo na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na anajua kuliko mimi.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, kwa sababu wewe Kiswahili chako ni cha kusikia na kujibu kwa Kiingereza. Vumilia. Kwa Kiingereza mimi huwa mtu wa adabu sana, kama anayeandikisha taarifa polisi. Na habari hii nilishaiandikisha polisi zamani, na nilichoandikisha kilikuwa uongo.

Jumapili iliyopita ulikuwa unakunja nguo, ukaniambia kwamba duka lako la dawa likishafunguliwa pale Nakuru utaomba leseni ya bastola. Ulisema kama mtu anayesema atanunua friji. "Dad, it's a pharmacy. Kutakuwa na pesa na dawa. Wewe mwenyewe ulikuwa unabeba kila siku. And look what those thugs did to Mjomba."

Mimi nikasema chai inapoa, nikatoka chumbani. Ulidhani sikukusikia vizuri. Nilikusikia, mama. Nilienda kusimama bafuni na kufungua maji.

Siku hiyohiyo Mjomba Barasa akanipigia simu. Unamjua shemeji yangu, huanza na utani hata akiwa na shida. Safari hii hakuwa na utani. "Shemeji, mtoto ameniuliza habari ya bunduki. Ameniuliza mimi." Kisha akaendelea: "Mwambie wewe kabla hajapanda ndege. Usipomwambia nitamwambia mimi nikienda kumchukua airport, na mimi kazi ya kuleta habari mbaya nilishaifanya mara moja. Sitaki tena."

Basi nakuambia.

Bastola ile niliipata baada ya duka langu la vifaa vya ujenzi kuvamiwa. Hilo unalijua, na ni kweli. Ulikuwa na miaka sita. Watu wawili waliingia dukani saa ya kufunga, wakanilaza kifudifudi katikati ya magunia ya saruji, wakanipiga na kitako cha bunduki hapa nyuma ya sikio. Nilipona, lakini nilitoka pale nikiwa na hasira ya kutosha mji mzima. Nikaomba leseni, nikachunguzwa, nikapewa. Nikanunua mfuko wa ngozi wa kuvaa ndani ya suruali, kiunoni, upande wa kulia, na nikaanza kununua suruali pana kuliko mwili wangu.

Hakuna anayekuambia jinsi kitu kile kinavyokupangia maisha. Nilikuwa nikiivaa kabla ya saa na kuivua baada ya viatu. Shati halikuingia tena ndani ya suruali. Kanisani nilihamia benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani, nikawa nahesabu wanaume wanaoingia badala ya kusikiliza mahubiri. Kwenye harusi ya dada yangu sikucheza hata wimbo mmoja, na unajua mimi na ngoma. Mama yako aliniambia, "Siku hizi unasalimia watu ukiangalia mikono yao." Nikamwambia ndiyo maana tuko hai. Nilikuwa na majibu ya namna hiyo mengi.

Na wewe. Kila nikirudi nyumbani ulikuwa unakuja mbio kutoka jikoni, na mimi nilikuwa nakunyooshea mkono wa kushoto na kusema, "Kushoto, mama, kushoto." Nilikuwa naogopa utagonga uso wako pale kwenye chuma, au uniulize ni nini. Ulijifunza kwa wiki moja. Watoto hujifunza upesi. Nilijisifu moyoni kwamba nina binti msikivu.

Kisa cha mawe barabarani nacho ni cha kweli, kiasi. Nilikuta mawe yamepangwa njiani, watu wakatoka kichakani, nikaionyesha bastola dirishani wakatoroka. Walikuwa wawili. Tulipohamia Birmingham walikuwa watatu, na mara ya mwisho nilipokisimulia kule Northfield, mbele ya sahani ya mandazi, walikuwa watano na mmoja ana panga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi, na kisa hicho umekisikia utotoni mwako chote. Hicho nilikusimulia bila kuchoka, na kingine nikakificha.

Kingine ndicho hiki.

Unakumbuka siku Kukhu, nyanya yako, alipofariki, kwa sababu siku hiyohiyo Mjomba Barasa alipigwa risasi. Ulikuwa na miaka tisa. Uliambiwa kwamba majambazi walinifuata kutoka dukani, Mjomba akajaribu kunisaidia langoni, wakampiga nyonga. Umekua ukijua hivyo. Umemwona akichechemea kila tulipoenda likizo, umemsikia akitania kwamba majambazi walimpunguzia mwendo ili asiwahi kufika kwenye mazishi ya mtu. Ukaamua, kwa akili yako nzuri, kwamba hutaki yakupate yaliyompata.

Nekesa, hapakuwa na majambazi. Ni mimi niliyempiga.

Nimeandika sentensi hiyo na nikainuka kuosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Ngoja niendelee kabla mama yako hajarudi.

Unajua sisi kwetu habari ya kifo haisemwi kwa simu. Mtu akifa, wanatafutwa watu wawili wazima, wanatumwa. Wanakuja mpaka nyumbani kwako, unakalishwa, unapewa hata maji, ndipo unaambiwa. Hawakuambii njiani, hawakuambii kazini, na kabisa hawamwambii mtu aliyeshika usukani. Wewe umeishi hapa, ambapo mtu huambiwa kwa ujumbe akiwa kwenye basi, lakini sisi tulilelewa hivyo na hata leo naona ni heshima kubwa.

Mama yangu alifariki asubuhi kule Kimilili. Mama yako aliambiwa saa nane mchana na hakunipigia. Shangazi zako wakaanza kuja nyumbani, wakapika chai, wakakaa wakinisubiri. Barasa ndiye aliyetumwa kunitafuta, pamoja na jirani yake mwenye gari. Walifika dukani nikiwa ndiyo kwanza nimefunga na kuondoka, wakaliona gari langu likikata kona. Jirani akataka kunipigia honi. Barasa akamkataza. Alimwambia, "Mwache afike nyumbani kwanza." Basi wakanifuata taratibu.

Mimi nikaona kwenye kioo gari la kijivu nisilolijua, na watu wawili ndani.

Nikapunguza mwendo, nalo likapunguza. Nikasimama kununua mkate, nalo likasimama mbali kidogo, hakuna aliyeshuka. Nikazunguka mtaa mzima bila sababu, likanifuata mtaa mzima. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo miaka mitatu. Nakuambia ukweli mtupu, mwanangu: pamoja na woga, kulikuwa na kitu kingine ndani yangu kilichofurahi. Kilisema, haya, wamekuja. Hicho ndicho kinachonitia hofu zaidi mpaka leo, kuliko hata risasi yenyewe.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, mvua imetoka kupiga, bado kuna mwanga. Nilifika langoni nikashuka kufungua. Gari la kijivu likasimama nyuma yangu. Mlango wa abiria ukafunguliwa, akatoka mtu aliyevaa koti refu la mvua na kofia imeshuka usoni, mkono mmoja mfukoni, akaja kwangu akiharakisha. Hakuita jina langu. Mwenye habari ya namna ile hapigi kelele langoni kwa watu. Mfukoni alikuwa na kitambaa. Alikuwa amelia njia nzima na hakutaka nimwone na machozi kabla sijakaa.

Nilifyatua mara mbili. Moja iliingia kwenye nguzo ya lango. Nyingine iliingia kwenye nyonga yake.

Akaanguka na kofia ikatoka. Nikamwona ni Barasa. Alikuwa amelala kwenye tope, ameshika mguu, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake. Akaniangalia. Unajua alisema nini? Alisema, "Shemeji, keti kwanza."

Sikuelewa. Nilikuwa bado nimeishika ile bastola. Akasema tena, safari hii kwa shida, "Keti kwanza, shemeji. Keti." Nikakaa palepale kwenye tope, kando yake. Ndipo akaniambia, "Mama ametutoka asubuhi."

Alimaliza kazi aliyotumwa. Nilipata habari ya kifo cha mama yangu kutoka kwa mtu niliyekuwa nimempiga risasi, na alinikalisha kabla ya kunipa.

Mama yako alitoka mbio na kanga, akamfunga kaka yake mguu, tukampeleka hospitali na lile gari la kijivu. Polisi walipofika kule kuuliza, Barasa aliwahi kusema kabla mimi sijafungua mdomo. Alisema majambazi, watu watatu, wamekimbia kwa miguu. Jirani yake akaitikia. Mimi nikaandikisha kwamba nilifyatua mara mbili kuwafukuza. Barasa aliponiangalia nilijua amenipa zawadi ambayo sikuiomba, na niliichukua. Nilitaka kuichukua. Nilikuwa na mama wa kuzika, na nilikuwa mwoga.

Kesho yake askari wakazoa watu wanne kwenye stendi iliyo karibu na kwetu. Waliwekwa ndani siku tisa kwa jambo nililolifanya mimi, kisha wakaachiliwa. Sijui majina yao. Nilipita pale stendi baadaye mara nyingi nikijaribu kukisia ni nani kati ya wale wanaume, na sikuwahi kuuliza.

Kwenye mazishi Barasa alisimama kwa magongo karibu nami. Mchungaji akaomba Mungu awaangushe majambazi waliotaka kuongeza msiba juu ya msiba. Watu wote wakasema Amina, na mimi nikasema Amina. Na kiunoni, chini ya suti nyeusi, nilikuwa nimeivaa.

Ndiyo. Hapa ungetarajia niandike kwamba niliitupa siku ileile. Sikuitupa. Niliibeba miezi mingine mitano. Nilikuwa nimempiga shemeji yangu na bado niliona nisipoivaa nitakufa. Nilianza kuigusa kila dakika kuhakikisha ipo. Wewe ulikuja mbio siku moja, ukasahau, ukaja upande wa kulia, na nilikusukuma ukaanguka. Uliinuka na kusema "Pole Baba." Uliniomba msamaha wewe. Sijui kama unakumbuka, na natumaini hukumbuki.

Mama yako aliliona hilo akiwa mlangoni. Wewe umeambiwa tulikuja Uingereza kwa ajili ya masomo yako. Siku ileile alianza kujaza fomu za kazi ya unesi huku, na aliponionyesha barua ya kukubaliwa aliniambia maneno machache tu. "Mimi na Nekesa tunaenda. Ukitaka kuja, utakuja na kiuno kitupu." Nikaipeleka kituo cha polisi, nikasaini, nikatoka pale nikitembea vibaya kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Nilidhani imeishia hapo. Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa Birmingham, nilikuwa High Street, barabara ya maduka, naenda kusubiri basi la kwenda kazini, nikasikia hatua za mtu anakimbia nyuma yangu. Unajua mkono wangu ulienda wapi. Uliingia chini ya koti, upande wa kulia, ukashika hewa. Nikageuka. Alikuwa mzee mmoja Mwingereza, amechoka na kukimbia, ameshika glovu yangu. "You dropped this, mate," akasema, akanigonga bega na kwenda zake.

Nilikaa kwenye kiti cha kituo cha basi na mabasi matatu yakapita. Nilikuwa namwona yule mzee amelala kwenye lami. Nilimwona wazi kabisa, na glovu mkononi.

Bado huwa naona watu hivyo. Siku za mechi kule Aston, umati ukitoka uwanjani, napita nikiwa nimeshika mifuko ya ununuzi kwa mikono yote miwili makusudi, ili mikono iwe na kazi. Na kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, kila siku namwambia mzee fulani aketi kwanza ndipo nimvishe viatu, na kila siku neno hilo linanirudisha kwenye lile tope. Wenzangu husema nina subira sana na wazee. Mimi huwakalisha polepole kwa sababu nasikia sauti ya Barasa.

Mara nyingi nilitaka kukuambia. Ulipofika miaka kumi na sita nilikuchukua tukale chipsi nikiwa nimeshajiandaa, ukaanza kunieleza habari ya mtihani, nikafurahi kupata sababu. Ulipohitimu nikasema si siku yake. Ukweli ni kwamba nilipenda jinsi unavyoniangalia ukisimulia watu kuhusu baba yako na yale mawe barabarani. Nilikuacha ukue na uongo kwa sababu ulinipendeza. Sasa uongo huo umekufikisha mahali pa kutaka kuivaa mwenyewe, na kosa hilo si lako hata kidogo.

Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, na Nakuru si Erdington. Huenda kweli siku moja mtu mbaya ataingia dukani kwako, na mimi nitakuwa huku nikijilaumu kwa barua hii. Wale waliovamia duka langu walikuwa wabaya kweli, sikuwaota. Siwezi kukuambia hatari haipo. Naweza kukuambia tu kilichonipata mimi: niliibeba kila siku kwa miaka mitatu na zaidi, na mtu pekee niliyempiga alikuwa anakuja kunifuta machozi.

Ukifika, Barasa atakuwa anakusubiri. Utamwona kwa mbali, yeye hajifichi, anachechemea na mwili mzima. Atakuangalia usoni na atajua kama umesoma. Usimwulize kwa nini alidanganya. Mimi nimemwuliza, na jibu lake kila mara ni kwamba dada yake angebaki na nani. Msalimie tu kama kawaida. Na kama atataka kukusimulia upande wake, msikilize, kwa sababu mimi sijawahi kupata ujasiri wa kuusikiliza wote.

Mama yako anajua nakuandikia. Asubuhi alipokuwa akitoka aliuliza tu, "Utaandika yote?" Nikasema yote. Akanishika bega, jambo ambalo hufanya mara chache siku hizi, akaenda kushika treni.

Nitakupa bahasha hii kesho uwanja wa ndege, baada ya kuagana, usome ukishapita ndani. Nilikuwa nimepanga hivyo. Lakini nimekaa hapa nikafikiria jinsi utakavyoniaga, na nimebadilisha nia. Utaisoma leo, ukirudi kutoka Northfield. Nitaiweka kitandani mwako, kisha nitakuwa huku jikoni. Ukitaka kunifokea nitakuwa hapa. Ukitaka kukaa kimya, nitakuwa hapa vilevile.

Maana kuna jambo nimekuwa nikiliona miaka kumi na minane na sijalisema. Ulinikumbatia hivyo siku ya kuhitimu, na joho lako. Ulinikumbatia hivyo nilipotoka hospitali. Jumapili iliyopita, kabla ya ile habari ya leseni, ulipita hapa ukanikumbatia nikipika, na ulizunguka meza nzima kwanza, mama, ulizunguka meza nzima ili ufike kushoto.

Hakuna kitu upande wa kulia. Hakijakuwepo tangu ukiwa na miaka tisa. Ukimaliza kusoma, kama bado unanitaka, njoo moja kwa moja.

Baba yako